Ukifika Bristol: sanamu iliyolazwa, daraja la Pero na treni ya kwenda Bath

Bristol iko kusini magharibi mwa Uingereza, safari ya treni isiyofika saa mbili kutoka London. Wageni wengi kutoka Afrika Mashariki hufika huko kwa masomo au kumtembelea ndugu, na swali huwa ni lile lile: nikiwa na siku mbili na pauni chache, nione nini?

Jibu letu ni kuanzia bandarini. Utajiri wa mji huu uliingilia hapo. Kati ya 1698 na 1807 meli za Bristol zilifanya zaidi ya safari 2,000 za biashara ya watumwa, zikabeba Waafrika wapatao nusu milioni kwenda Karibi na Amerika. Hii si ile biashara ya Zanzibar na Bagamoyo tunayoisoma shuleni. Watu hawa walichukuliwa hasa Afrika Magharibi. Meli zilirudi na sukari na tumbaku.

Ukingoni mwa maji kuna makumbusho ya M Shed, ambayo hayana kiingilio, ingawa Jumatatu nyingi milango hufungwa. Ndani yake imelazwa sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya Royal African. Ilisimamishwa katikati ya mji mwaka 1895 kumsifu kwa sadaka zake, bila neno juu ya watumwa. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha kwa kamba, wakaiburura na kuitumbukiza bandarini. Ilipoopolewa, haikurudishwa mahali pake, na rangi iliyopuliziwa na waandamanaji haikufutwa. Kwa maoni yetu hakuna kitu kingine mjini kinachostahili nusu saa yako kuliko hiki.

Kutoka hapo ni dakika chache kwa miguu hadi daraja dogo la wapita kwa miguu, lenye vitu viwili mfano wa pembe kubwa. Linaitwa Daraja la Pero. Pero Jones alinunuliwa kisiwani Nevis mwaka 1765 akiwa na miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Bwana wake, John Pinney, tajiri wa mashamba ya miwa, alimleta Bristol mwaka 1783, na Pero alifariki mwaka 1798 bila kuachwa huru. Nyumba ya Pinney ingali ipo mtaa wa Great George, nayo sasa ni makumbusho ya bure. Hufungwa miezi ya baridi, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanda kilima. Ukiingia, usiishie kwenye vyumba vya juu vyenye samani nzuri. Shuka hadi jikoni, walikofanyia kazi watumishi.

Pita pia stendi ya mabasi, hata kama husafiri. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji ilikataa kuwaajiri watu weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta. Vijana wenye asili ya Karibi, msemaji wao akiwa Paul Stephenson, waliitisha mgomo wa abiria. Kampuni ilisalimu amri tarehe 28 Agosti mwaka huo huo, na miaka miwili baadaye Uingereza ikapata sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi. Kuna kibao cha kumbukumbu hapo.

Daraja la Clifton, lililofunguliwa mwaka 1864 na kuning'inia juu ya bonde la mto Avon, ni picha ambayo kila mgeni huipiga. Kulivuka kwa miguu ni bure. Meli ya SS Great Britain ina kiingilio, lakini ukiwa na watoto hutajuta.

Siku ya pili panda treni hadi Bath, karibu robo saa tu. Subiri msongamano wa asubuhi upite, nauli hushuka. Wengi huenda kuona mabafu ya Warumi, na tiketi yake si rahisi. Sisi tungekwenda pia Fairfield House, nje kidogo ya katikati ya mji, ambako Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliishi uhamishoni tangu 1936 hadi 1940, baada ya majeshi ya Italia kuiteka nchi yake. Mwaka 1958 aliitoa nyumba hiyo kwa mji wa Bath kwa ajili ya wazee. Haifunguliwi kila siku, uliza kwanza.

Ukipenda bahari, kuna treni ya Weston-super-Mare. Wenyeji wa pwani yetu wanaoijua bamvua bado watashangaa: maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 10, na yakipwa bahari hukimbia mbali kabisa. Usiyafuate. Chini ni tope zito linalonasa miguu, na maji hurudi haraka.