Nyanya Zikioza Kitako, Angalia Maji

Ndugu msomaji, umepanda nyanya karibu na nyumba. Zimezaa vizuri. Mara unaona doa jeusi chini ya tunda, upande wa kitako. Doa linazama na kuwa gumu kama ngozi. Wengine husema, "Hao ni wadudu!" Wanakimbilia dukani kununua dawa. Dawa haisaidii, na pesa imekwenda.

Hao siyo wadudu, wala siyo ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa chakula kiitwacho kalisi. Mara nyingi kalisi imo udongoni. Lakini hupanda kutoka kwenye mizizi pamoja na maji. Ukimwagilia sana leo, kisha ukae siku nyingi bila kumwagilia, kalisi haifiki kwenye tunda.

Hapa kwetu Dodoma mvua kwa kawaida huanza Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo tunategemea ndoo kichwani. Basi, tufanyeje ili maji machache yatoshe?

1. Wakati wa kiangazi usiinue tuta. Chimba jaluba lililozama kidogo, ili maji yasikimbie.

2. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi hushika maji. Samadi mbichi huunguza miche.

3. Hamisha miche kutoka kitaluni ikiwa na wiki 4 hivi. Fanya kazi hiyo jioni. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche.

4. Tandaza nyasi kavu ili jua lisikaushe udongo. Nyasi zisiguse shina, maana mchwa watafuata.

5. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Majani yakilowa kila mara, ugonjwa wa ukungu hupata nafasi.

Utajuaje kama maji yanahitajika? Sogeza nyasi, chomeka kidole udongoni. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, ngoja.

Usipande nyanya mahali palipokuwa na nyanya, biringanya, nyanya chungu au pilipili msimu uliopita. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja, na magonjwa yake mengi ni yale yale.

Matunda yenye doa yachume, yasinyonye nguvu ya mmea bure. Endelea kumwagilia kwa mpango. Matunda yatakayofuata yana nafasi kubwa ya kuwa mazima.

Ndugu, ndoo moja leo na nyingine keshokutwa ni bora kuliko ndoo nne Jumapili peke yake. Haba na haba hujaza kibaba.