Lango Moja, Pochi Mbili: Hesabu ya Busia na Malaba

Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala hukata takriban kilomita 1,170. Likifika mizani ya Webuye limebakiza kilomita 60 hivi kufika mpaka wa Malaba. Pale mizani haliulizwi ni la nchi gani: kikomo ni tani 56 kwa gari la ekseli 7, liwe na namba za Kenya au za Uganda, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016. Kwa lori, basi, nchi hizi mbili zimeanza kuwa barabara moja. Kwa mama anayebeba trei za mayai kutoka Busia ya Uganda kwenda kuuza Busia ya Kenya, bado ni mbili. Hesabu zinaonyesha tofauti hiyo inamgharimu nani.

Hadi 1902 Webuye yenyewe ilikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo Kenya ya leo. Wabukusu wakabaki huku, ndugu zao Bagisu wakabaki ng'ambo ya Mlima Elgon, na hadi leo pande zote mbili hutahiri vijana wao katika miaka ya shufwa. Wateso na Wasamia walikatwa katikati. Lakini kwa miongo kadhaa mstari ule haukuuma sana. Reli ilikuwa moja, forodha moja, na hadi 1966 shilingi ilikuwa moja. Mtu wa Malaba aliweza kuuza ng'ombe upande mmoja na kununua bati upande wa pili kwa noti zilezile.

Maumivu yalikuja na siasa. Februari 1976 Idi Amin alidai ardhi yote iliyohamishwa 1902, Bungoma na Kitale zikiwamo. Mwaka uliofuata Jumuiya ya kwanza ikavunjika, na reli, ndege, bandari na posta zikagawanywa. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika na mali hiyo hadi mkataba wa 1984: Kenya 42%, Tanzania 32%, Uganda 26%. Desemba 1987 wanajeshi wakarushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Jumuiya mpya ilianza rasmi Julai 2000, umoja wa forodha ukaja 2005, na Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia. Kutoka 1977 hadi 2018 ni miaka 41. Ukuta wa Berlin ulidumu miaka 28.

Kituo cha pamoja hufanya kazi hivi: maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, katika nchi unayoingia. Anayekwenda Uganda hapiti tena madirisha ya Kenya kwanza. Hukaguliwa mara moja tu, ng'ambo. Pamoja na hilo, tangu 2014 mzigo hulipiwa kodi unaposhuka bandarini. Takwimu inayotajwa sana ni kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi siku 4. Ukihesabu safari za kwenda tu katika siku 360, ile ya zamani inakupa 20 na hii ya sasa inakupa 90. Bila shaka kupakia, kurudi na matengenezo huipunguza hesabu hiyo, lakini hata ukiikata nusu, faida ni kubwa mno.

Na faida hiyo inaweza kuyeyuka ghafla. Katikati ya 2020, madereva walipolazimika kusubiri vipimo vya korona, foleni kutoka Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Ukimpa kila lori mita 25 pamoja na nafasi ya mbele, kilomita moja hubeba malori 40. Foleni ya kuijaza barabara yote kutoka Malaba hadi Webuye ingehitaji malori 2,400. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Mwenye maghala huvumilia siku hizo. Mwenye magunia manne hawezi.

Sasa turudi kwa mama wa mayai. Sheria imemkumbuka: bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila kuhitaji wakala, na tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kumvusha. Kinachomla ni fedha. Anauza kwa shilingi za Kenya na kununua mayai mengine kwa shilingi za Uganda, na shilingi moja ya Kenya ni takriban 28 za Uganda. Tuchukue mfano: mtaji wa Sh20,000 unaozunguka mara mbili kwa wiki, naye mbadilishaji anamkata 2% kila mara. Ni Sh400 kwa mzunguko, Sh800 kwa wiki, Sh41,600 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mtaji wake wote, na hakuna risiti ya forodha itakayoionyesha.

Wajerumani, walipoungana tena, walianza na pochi. Marki ya Magharibi iliingia Mashariki tarehe 1 Julai 1990, miezi mitatu kabla ya nchi zenyewe kuungana, na mishahara ikabadilishwa marki moja kwa marki moja. Akiba ya mtu mzima wa chini ya miaka 60 ilibadilishwa hivyo hadi marki 4,000. Viwanda vingi vya Mashariki havikuweza kulipa mishahara hiyo vikafa, na makadirio ya gharama ya muungano hufika yuro trilioni 2. Naielewa hofu ya Afrika Mashariki kuharakisha.

Ila kungoja nako kuna mlipaji, na sioni haki kwamba awe yule mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa Novemba 2013 ikilenga 2024, kisha tarehe ikasogezwa hadi 2031. Masharti yake ni mfumuko wa bei usiozidi 8%, nakisi ya bajeti isiyozidi 3% ya pato la taifa, deni lisilozidi 50%, na akiba ya fedha za kigeni ya kugharamia uagizaji wa miezi minne na nusu. Deni la Kenya limevuka 60%. Kwa kiwango cha mfano wetu, mama yule akiuza kwa miaka saba akingojea sarafu hiyo, atakuwa amewaachia wabadilishaji Sh291,200.