Nyimbo za Kifalme Zilizopewa Mtoto wa Horini

Asubuhi ya Krismasi ya mwaka 1734, watu wa Leipzig, mji wa biashara katika nchi ya Ujerumani, walikusanyika katika kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mara ngoma zikalia peke yake, zikafuatwa na zumari na tarumbeta, kisha waimbaji wakapaza sauti kuwaita watu washangilie. Ndivyo ulivyoanza utungo wa Johann Sebastian Bach uitwao Oratorio ya Krismasi, yaani hadithi takatifu isimuliwayo kwa nyimbo.

Utungo huo una sehemu sita, nao huchukua karibu saa tatu. Lakini Bach hakuziimbisha zote siku moja. Tatu ziliimbwa katika siku tatu za Krismasi, ya nne siku ya Mwaka Mpya 1735, ya tano Jumapili iliyofuata, na ya sita tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Bach alikuwa mkuu wa nyimbo za makanisa ya mji tangu mwaka 1723, na waimbaji wake walikuwa wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas. Mwaka 1730 aliwaandikia wakubwa wa mji kwamba katika wavulana 54, waliofaa ni 17 tu. 20 walikuwa hawajawa tayari, na 17 hawakufaa kabisa. Hata hivyo, sikukuu haimngojei mtu.

Tena nyimbo nyingi katika utungo huo hazikuwa mpya. Ule wimbo wa kwanza, wenye ngoma na tarumbeta, ulitungwa kwa siku ya kuzaliwa ya malkia mwaka 1733. Na wimbo mtamu wa kumbembeleza mtoto Yesu alale ulikuwa, katika utungo wa kumsifu mwana wa mfalme, wimbo wa Anasa akimshawishi kijana Hercules aiache njia ya wema. Bach alibadili maneno, akaziokoa sauti. Wala hakufanya hivyo kwa uvivu. Sherehe ya malkia hupita siku moja, na nyimbo zake hupita nayo. Bali Krismasi hurudi kila mwaka.

Walakini, Bach alipofariki mwaka 1750, kazi hiyo ilisahauliwa. Mwanawe Carl Philipp Emanuel aliyatunza maandiko yake, lakini utungo mzima haukusikiwa tena mpaka mwaka 1857, katika mji wa Berlin. Ulikuwa umenyamaza miaka 122.

Leo, kila Desemba, makanisa mengi ya Ujerumani hujaa watu wanaokuja kuusikiliza. Majina ya wakubwa waliosifiwa kwa nyimbo zile hukumbukwa na wachache, lakini ngoma zile bado zalia. Akiba haiozi.