Mchezo wa Madubwana: Je, Rahisi Si Ghali?

Mchezo wa video uitwao Monster Hunter: World, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2018, sasa mara nyingi huuzwa kwa punguzo kubwa. Wawindaji hadi wanne huungana kumkabili dubwana; kwa kawaida wakizirai mara tatu kwa jumla, wote wameshindwa. Hivyo vijana hujifunza kwamba uzembe wa mmoja ni hasara ya wote.

Hata hivyo, mzazi, usihadaiwe na bei. Televisheni moja haiwatoshi ndugu wawili: kila mwindaji huhitaji mtambo wake na intaneti, na kwenye PlayStation 4, ada ya uanachama pia. Mwenye mtoto apendaye kuwinda peke yake, na anunue. Mwenye watoto wawili na mtambo mmoja, fedha yake aitunze.