Tupatane kabla maji hayajapungua

Ukame huja polepole. Mvua inachelewa, majani yanaisha, ng'ombe wanakonda, bei ya unga inapanda. Kwa hiyo jamii inao muda wa kujitayarisha. Lakini penye vita na kuhamahama muda huo hupotea, kwa sababu watu hawaketi pamoja. Ukame ukifika, wote wanakimbilia maji yale yale, na wenye silaha wanatangulia.

Mfano wa Turkana na Karamoja

Turkana iko kaskazini magharibi mwa Kenya. Karamoja iko ng'ambo ya mpaka, Uganda. Zote mbili ni nchi kavu za wafugaji. Wakati wa kiangazi Waturkana huvusha mifugo kwenda Karamoja kutafuta malisho na maji. Kwa miaka mingi safari hiyo ilileta wizi wa ng'ombe na vifo.

Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko walipatana pale Lokiriama, wakazika silaha ardhini. Mapatano hayo yanakumbukwa hata leo. Mwaka 2019 serikali za Kenya na Uganda nazo zilitia sahihi mapatano ya amani huko Moroto. Lakini sahihi peke yake haitoshi. Mwezi wa tano 2023, baada ya mauaji na wizi wa mifugo, Rais Museveni aliamuru kwamba silaha za wafugaji wa Turkana zisipoondolewa katika miezi sita, watafukuzwa pamoja na ng'ombe wao. Amani ikivunjika, njia ya malisho inafungwa.

Kutazama dalili mapema

Mwaka 2011 Kenya iliunda mamlaka ya kudhibiti ukame. Kila mwezi inatangaza hali ya kila kaunti kavu: kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Mfugaji anayeuza ng'ombe wachache wakati wa tahadhari hupata bei nzuri. Akingoja dharura, ng'ombe aliyekonda hanunui hata magunia machache ya mahindi.

Hata hivyo, kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa Kenya. Onyo bila msaada wa haraka haliokoi mifugo.

Kwetu Uvira na Fizi

Nchi yetu si kavu kama Turkana, lakini kiangazi chetu tunakijua, na ugomvi wake pia. Kwa desturi, wafugaji wa milima ya juu hushusha ng'ombe hadi Fizi kutafuta majani. Mfugaji humpa chifu wa kimila itulo, ili aruhusiwe kulisha. Lakini mkulima ambaye muhogo wake umeliwa mara nyingi hapati kitu. Hapo ndipo chuki inapoanzia. Na jamaa zilizokimbia vita zinapoongezeka kijijini, kisima kinakuwa na watu wengi zaidi.

Tunawashauri viongozi na kamati za amani wapatane juu ya mambo haya kabla ya mwezi wa sita:

- Njia ya ng'ombe na tarehe ya kushuka, mavuno yakiisha.
- Fidia: nani anapima hasara, na mkulima mwenyewe analipwa lini.
- Maji: ng'ombe wanywe chini ya mahali watu wanapoteka.
- Wakimbizi wa ndani wawe na wajumbe wao katika kamati, na wanawake wawemo, kwa kuwa ndio wanaoteka maji kila siku.

Mapatano ni rahisi zaidi shamba likiwa bado zima. Likishaliwa, watu huzungumza kwa hasira.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji chetu, ni dalili gani zinazotuonyesha kwamba kiangazi kitakuwa kikali?
2. Ng'ombe akiharibu shamba leo, mkulima aende kwa nani?
3. Ni nani anayetumia kisima chetu lakini hajawahi kuitwa kwenye mkutano?