Moshi Nyumbani: Kabla ya Kununua Mashine

Mwezi uliopita mzee mmoja alifika katika ofisi yetu ya kilimo akiwa na karatasi ya tangazo mkononi. Karatasi ile ilikuwa na picha ya mashine ya kusafisha hewa ya nyumba nzima. Mzee alitaka kujua kama ingemfaa, maana mjukuu wake hukohoa usiku kucha, na mwanawe aliye mjini alikuwa tayari kulipa. "Mwalimu," akaniambia (wengi bado huniita hivyo, ingawa sasa ni karani), "je, ninunue?"

Nilimwuliza swali moja tu: "Mzee, mnapikia wapi?" Akajibu kuwa wanapikia ndani, juu ya mafiga matatu, na ya kuwa chumba anacholala mtoto kimeungana na chumba cha kupikia. Yale niliyomweleza siku ile nakuandikia na wewe msomaji, kwa sababu huenda karatasi kama ile ikakufikia nawe pia.

Kwanza yafaa ujue maana ya maneno haya "nyumba nzima". Katika Marekani na nchi nyingine za baridi, nyumba nyingi hupashwa joto kwa hewa ipitayo katika mabomba mapana yanayokwenda kila chumba. Mashine ya nyumba nzima hufungwa katika mabomba hayo, na hewa yote ikipita pale huchujwa. Nyumba zetu hazina mabomba hayo. Basi mtu akikuuzia chujio la namna ile, amekuuzia tandiko nawe huna punda.

Ziko pia mashine ndogo za chumba kimoja. Ndani yake mna feni inayovuta hewa na kuipitisha katika chujio. Chujio zuri liitwalo HEPA hunasa chembe 99.97 katika kila 100, hata zile za ukubwa wa maikroni 0.3, na maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hiyo ni kazi nzuri sana. Lakini mahali ambapo kuni zinawaka ndani kutwa, moto hutoa moshi upesi kuliko mashine inavyoweza kuchuja, na chujio hujaa masizi baada ya muda mfupi. Ni kama kupangusa sakafu huku paa linavuja.

Moshi wenyewe ni kitu gani? Ni mchanganyiko wa chembe za masizi na hewa mbalimbali za sumu. Chembe kubwa hunaswa puani, nawe huziona kwenye kitambaa ukipenga kamasi. Zile zisizozidi maikroni 2.5 hushuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na hizo ndizo mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2020 watu kama milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa ajili ya hewa chafu ya nyumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Watoto wengi wa namna hii huuawa na kichomi. Mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama anayepika huvuta moshi ule ule anaovuta mama, na mapafu yake bado ni machanga.

Hapa kwetu Kenya jambo hili lilichunguzwa huko Mpala, Laikipia, katika nyumba 55, na habari zake zilichapishwa mwaka wa 2001. Wachunguzi waliona kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo anavyozidi kuugua kifua. Lakini waliona na jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Moshi ukiwa umekwisha kuwa mwingi sana, kuongezeka kwake hakuongezi ugonjwa kwa kadiri ile ile. Sasa geuza hesabu hiyo. Nyumba iliyojaa moshi kabisa, ukipunguza nusu tu, macho yatapata nafuu, lakini kifua cha mtoto hakitapata nafuu kubwa. Faida kubwa huja ukiuondoa karibu wote. Kwa sababu hii mimi simsifu mtu aliyefanya jambo moja kisha akaridhika.

Anza na kuni. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi kwa kuwa sehemu ya joto lake hutumika kukausha maji yaliyomo. Zipasue, zipange chini ya paa mahali panapopita upepo, uzitumie zikiwa kavu kabisa. Maharagwe yaloweke tangu usiku, nayo yataiva upesi. Hayo hayagharimu hata senti moja.

Kisha angalia chumba chenyewe. Moshi ni wa moto, na kitu cha moto hupanda. Dirisha lililo chini peke yake haliutoi vizuri. Acha nafasi wazi juu, kati ya ukuta na paa, na tundu lingine upande wa pili ili upepo upite. Ukiweza, jenga jiko la nje lililo mbali kidogo na nyumba ya kulala. Watu wetu wengi walikuwa na desturi hiyo zamani, na sioni kwa nini tuiache kwa kuwa tumepata nyumba ya mawe.

Lililo bora kwa wanaopikia ndani ni dohani. Fundi wa mabati hutengeneza kofia pana ya kukaa juu ya moto, na bomba litokalo humo mpaka nje. Kofia iwe pana kuliko moto wenyewe, bomba lisiwe jembamba wala lisipindwepindwe, na ncha yake ipite kilele cha paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Nyumba ikiwa ya nyasi, usiache bomba liguse nyasi hata kidogo. Tena masizi yakwanguliwe mara kwa mara.

Kuhusu majiko ya kisasa nataka niseme wazi. Jiko la kuni la udongo, kama lile liitwalo Maendeleo au Upesi, hupunguza kuni, na kwa hiyo hupunguza safari za msituni na gharama. Lakini jiko lisilo na dohani bado linamwaga moshi wake ndani. Jiko la makaa lenye udongo ndani hutumia makaa machache, nalo halina moshi mwingi. Hatari yake nitaieleza sasa hivi. Gesi ya mtungi ni safi, tatizo ni fedha za kujaza tena. Na mkulima mwenye ng'ombe wawili au watatu zizini anayo gesi yake miguuni. Kilo 1 ya samadi mbichi hutoa lita 40 hivi za gesi, basi kilo 25 kila siku, zikichanganywa na maji kiasi sawa, hutoa lita 1,000 hivi, za kutosha mapishi mengi ya nyumba ndogo. Majimaji yanayobaki ni mbolea nzuri ya majani ya kulisha ng'ombe.

Sasa habari ya makaa. Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi huku mtu amelala. Mashine ya kuchuja hewa haiwezi kuizuia, hata ile yenye HEPA. Karai la maji karibu na jiko halisaidii, wala majivu juu ya makaa. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilipanga chumba mahali penye baridi, nikaingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Nilizinduka kwa jirani kugonga mlango, kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu, nikatambaa mpaka nje. Nyinyi wa Limuru, Kinangop na Molo, miezi ya Juni mpaka Agosti msilale na jiko la makaa chumbani, hata kwa saa moja.

Kama umekwisha kuondoa moshi, unao umeme, na bado ndani mna mgonjwa wa pumu au nyumba iko kando ya barabara yenye vumbi, hapo mashine ya chumba yaweza kufaa. Pima chumba kwanza. Chumba cha mita 4 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mita za ujazo 32.4. Ukitaka hewa yote ichujwe mara 5 kwa saa, tafuta mashine inayosafisha mita za ujazo 162 kwa saa au zaidi. Uliza bei ya chujio la kubadilisha kabla ya kuuliza bei ya mashine. Na ukiambiwa kuwa inatoa ozoni ya kuua vijidudu, irudishe dukani, maana ozoni hudhuru mapafu.

Yule mzee alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii alitaka kujua kama mabati yaliyobaki alipojenga ghala yangefaa kwa kofia ya dohani. Yanafaa, mradi kutu haijayatoboa. Yaliyopakwa rangi asiyatumie, kwa kuwa rangi ikipata moto hutoa moshi wake yenyewe.