Je, Wajua? Walioandamana Ili Washushwe Daraja

Jina la Patel si geni Nairobi, Kampala wala Dar es Salaam. Utalisoma juu ya mlango wa duka la vipuri, kwenye geti la kiwanda, kwenye kibao cha daktari. Mnamo Agosti 2015, akina Patel wa kwao Gujarat, jamii ya Wapatidar, walifurika uwanjani mjini Ahmedabad wakiongozwa na kijana wa miaka 22, Hardik Patel. Walichodai ni kwamba serikali iwatangaze kuwa ni watu walioachwa nyuma. Ghasia zikazuka usiku ule, mabasi yakachomwa, intaneti ya simu ikazimwa, na watu takriban kumi wakapoteza maisha.

Ukitaka kujua kilichowawasha, tazama hesabu. Katika vyuo vya serikali kuu ya India na ajira zake, asilimia 15 ya nafasi ni za Wadalit, wale ambao zamani waliitwa wasiogusika, asilimia 7.5 ni za makabila ya asili. Na asilimia 27 ni za kundi kubwa la katikati, matabaka ya wakulima, wachungaji na mafundi, linaloitwa Matabaka Mengine Yaliyo Nyuma. Mpatidar hayumo. Mtoto wake akikosa nafasi ya udaktari huku jirani aliyepata alama chache akiipata, nyumbani hapalaliki.

Wagujjar wa Rajasthan wao walikuwa tayari kwenye orodha, na bado hawakuridhika. Mwaka 2007 na tena 2008 waliziba barabara na kukalia reli, wakidai watolewe katika kundi la asilimia 27 na waingizwe katika kundi la makabila ya asili, ambako wagombea ni wachache. Wameena, waliokuwa ndani ya kundi hilo, wakakataa katakata kubanana. Makumi ya watu walikufa. Februari 2016 ikawa zamu ya Wajat wa Haryana: waliuharibu mfereji wa Munak unaoipelekea Delhi maji, mabomba ya mji mkuu yakakauka na shule zikafungwa.

Je, wajua kwamba karne moja kabla ya hapo watu waligombania kinyume chake? Sensa ya Waingereza ya 1901, chini ya Herbert Risley, ilijaribu kuyapanga matabaka kwa heshima, nani juu na nani chini. Kila jamii ikashika kalamu kuomba ipandishwe. Kufikia sensa ya 1911, maombi yaliyopokelewa Bengal pekee yalikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Wakati ule cheo cha juu kilileta heshima tupu. Leo cheo cha chini kina kiti chuoni na mshahara wa serikali, na ni nani asiyejua uzito wa mshahara wa serikali?

Aliyeanza kutenga nafasi kwa kiwango kikubwa hakuwa mwanasiasa wa kura. Alikuwa mfalme. Shahu wa Kolhapur alipokalia kiti mwaka 1894 alikuta vyeo 60 kati ya 71 vya utawala wake vimeshikwa na Wabrahmani, tabaka la juu kabisa. Tarehe 26 Julai 1902 akaamuru nusu ya nafasi zitakazokuwa wazi ziende kwa waliosahauliwa. Ni mfalme huyo huyo aliyekuja kumsaidia kijana mmoja Mdalit kuendesha gazeti mwaka 1920, B. R. Ambedkar.

Huyu Ambedkar lazima tumkalie kidogo. Alizaliwa 1891. Shuleni alikalia kipande cha gunia alichokwenda nacho asubuhi na kurudi nacho jioni, kwa sababu mfagizi wa shule hakukubali kukigusa. Bomba la maji hakuruhusiwa kulishika; tarishi wa shule ndiye aliyemfungulia. Siku tarishi asipokuwepo, mtoto alishinda na kiu. Baadaye mtawala wa Baroda akamlipia masomo ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Aliporudi 1917 kuitumikia Baroda, hakupata nyumba ya kupanga. Akajiandikisha kwa jina la bandia katika nyumba ya wageni ya jamii ya Waparsi, akalala humo siku chache, mpaka asubuhi moja Waparsi kumi na kitu wakapanda ngazi na fimbo mikononi kumtoa. Shahada za ng'ambo hazikumpa hata kitanda. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, iliyoanza kutumika 26 Januari 1950 ikiwa na kifungu cha 17 kinachofuta kutogusika.

Utasikia mara nyingi, hata India kwenyewe, kwamba nafasi hizi ziliwekwa kwa miaka kumi tu. Si kweli. Miaka kumi ilihusu viti vya bunge, ambavyo Bunge limekuwa likiviongezea muda kila unapofika ukingoni, sasa hadi 2030. Kwa shule na kazi Katiba haikutaja mwisho.

Na ile asilimia 27 ilitoka wapi? Tume ya B. P. Mandal, iliyotoa ripoti 1980, ilikadiria kuwa matabaka hayo ya katikati ni asilimia 52 ya Wahindi. Lakini mahakama ilikwisha kusema kwamba nafasi maalumu zisipite nusu. Wadalit na makabila ya asili walikuwa na 22.5, kilichobaki kilikuwa 27 na kidogo. Kwa hiyo ni chenji, sio kipimo cha uhitaji wa mtu yeyote. Waziri Mkuu V. P. Singh alipotangaza Agosti 1990 kwamba atautekeleza mgao huo, wanafunzi wa matabaka ya juu waliingia barabarani na baadhi wakajichoma moto.

Mahakama ya Juu ya nchi ilikubali mpango huo Novemba 1992, ila ikaamuru matajiri wa kundi hilo watolewe. Iliwaita malai, utando mnono ukaao juu ya maziwa. Tangu 2017 mpaka ni mapato ya rupia laki 8 kwa mwaka, na katika hesabu hiyo mshahara na mazao ya shamba havimo. Kisha mwaka 2019 serikali ikatenga asilimia 10 nyingine kwa maskini wa matabaka ya juu, na mpaka wa umaskini huo ni laki 8 vilevile. Kiasi kile kile kinamfanya mmoja malai na mwingine fukara. Majaji waliupitisha mpango huo 2022 kwa kura tatu dhidi ya mbili, na Mdalit, hata awe hana kitu, haruhusiwi kuugusa.

Kampuni binafsi hazibanwi na mgao huu. Je, huko jina halina kazi? Sukhadeo Thorat na Paul Attewell, katika utafiti uliochapishwa 2007, walijibu matangazo ya kazi kwa barua zenye sifa sawa na majina ya ukoo tofauti. Jina la Kidalit liliitwa kwenye usaili mara chache kuliko la tabaka la juu, na jina la Kiislamu mara chache zaidi.

Wanaosema nafasi maalumu huharibu kazi wanajibiwa na reli. Ashwini Deshpande na Thomas Weisskopf walichambua takwimu za Shirika la Reli la India za zaidi ya miongo miwili, 1980 hadi 2002, wasione dalili kwamba wafanyakazi walioingia kwa mgao walishusha ufanisi. Kwenye ngazi za juu huenda waliupandisha.

Katika vyuo vya teknolojia vya IIT, mwanafunzi mpya huulizwa na wenzake swali linaloonekana la kawaida: ulishika nafasi ya ngapi kwenye mtihani? Kwa kuwa alama za kufuzu hushushwa kwa wa mgao, jibu moja linatosha kumtambua.

Hadhi ya Mdalit kisheria inategemea pia anakosali. Wahindu walitangulia, Masingasinga wakaongezwa 1956 na Wabudha 1990. Aliyebatizwa au kusilimu hupoteza nafasi, hata kama kijijini bado anachota maji kisima cha pembeni.

Katika Maharashtra, jimbo la mfalme Shahu, Wamaratha nao wanataka kuingia kundi la katikati. Sheria ya kuwapa nafasi ilifutwa na mahakama 2021. Mwaka 2023, baada ya mgomo wa kula wa kiongozi wao Manoj Jarange-Patil, makarani walitumwa kwenye madaftari ya enzi za Nizamu, mtawala wa Hyderabad, mengine ya Kiurdu na mengine ya mwandiko wa kale uitwao Modi, ambao wachache bado wanausoma. Walitafuta neno moja, Kunbi, yaani mkulima wa kundi la katikati. Babu akionekana ameandikwa hivyo, mjukuu anapata cheti.

Na hesabu zote hizo zimejengwa juu ya nini? Sensa ya mwisho kuhesabu matabaka yote na matokeo yake kutumika ni ya 1931, ndiyo aliyoitumia Mandal. Aprili 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa ijayo, ya 2027, itauliza tena kila mtu tabaka lake.